Je, Wajua? Timu Nzima Kwenye Kiganja

Wiki hii safu inamtembelea mtu wa ajabu kidogo: mtu mzima, mwenye familia na kodi ya nyumba, ambaye watoto wakishalala hukaa mezani akipaka rangi mkanda wa suruali ya zimwi lenye urefu wa sentimita tatu. Watu wa aina yake wapo kila bara. Hununua vijisanamu vya plastiki vikiwa vipande vipande, huvikata, huviunganisha kwa gundi, huvipaka rangi, kisha huviingiza vitani au uwanjani juu ya meza kwa kurusha dadu. Vibwengo, majitu, mashujaa, mifupa inayotembea. Unaweza kudhani mambo haya hayahusiani kabisa na Mwanza. Soma kwanza.

Je, wajua kwamba Malkia Victoria ana mkono kwenye mchezo huu, kama alivyo na jina kwenye ziwa letu? John Hanning Speke alifika ufukwe wa kusini Agosti 1858, akalipa ziwa jina la malkia wake bila kuwauliza wenyewe, waliokuwa na jina lao tayari. Miaka minane baadaye, mwaka 1866, kampuni ya Winsor & Newton ya London ilimtengenezea malkia huyo brashi bora za rangi za maji. Ukubwa alioupenda ulikuwa namba 7, na mpaka leo brashi hizo zinaitwa Series 7. Wapaka vijisanamu wengi huziweka juu ya nyingine zote. Nywele zake hutoka mkiani mwa kolinsky, mnyama wa Siberia wa ukoo wa kicheche. Bei yake ukitajiwa utairudisha brashi mezani polepole.

Je, wajua kwamba ili kupaka jicho la kijisanamu huhitaji brashi ndogo kuliko zote? Unahitaji yenye ncha kali na tumbo la kubeba rangi. Brashi yenye nywele tatu hukauka kabla hujafika usoni.

Je, wajua kwamba mojawapo ya timu za kale sana zilizopakwa rangi vizuri zikatufikia nzima ilitoka kwenye mto unaoanzia ziwani kwetu? Katika kaburi la kiongozi aitwaye Mesehti huko Asyut, Misri, zilikutwa sanamu za mbao za askari waliopangwa kwa safu: Wamisri 40 wenye mikuki na ngao, na Wanubi 40 wenye pinde. Wana umri wa kama miaka 4,000. Ngozi zimepakwa rangi, shuka zimepakwa rangi, na ngao za Wamisri zina madoa ya ngozi ya ng'ombe, kila moja na ya kwake. Ngao arobaini, mabaka arobaini tofauti: aliyeifanya kazi ile angeelewana vizuri sana na mtu wetu wa zimwi. Maji yaliyopita mbele ya kaburi lile, sehemu yake ilitoka ziwani kule Jinja, Uganda.

Je, wajua kwamba mwandishi H. G. Wells, yule wa hadithi za wavamizi kutoka Mirihi, aliandika kitabu cha kanuni za kupigana kwa askari wa kuchezea? Kinaitwa *Little Wars*, cha mwaka 1913. Mizinga yake midogo ilirusha vipande vya mti kwa springi, na Wells alikuwa akitambaa sakafuni na wageni wake, watu wazima wote. Mwaka uliofuata vita vya kweli vikaanza, na Julai 1916 Waingereza wakaitwaa Mwanza kutoka kwa Wajerumani. Maofisa wa Prussia walikuwa wameanza michezo hii mapema kuliko Wells: mchezo wa vita wa Reisswitz uliingia kwenye mafunzo ya jeshi lao mwaka 1824.

Je, wajua kwamba kandokando ya ziwa hili watu walifinyanga sanamu za binadamu karibu miaka elfu moja iliyopita? Mwaka 1929, katika kilima cha gereza la Luzira jirani na Kampala, kilichimbuliwa kichwa cha udongo uliochomwa pamoja na vipande vya kiwiliwili. Kichwa cha Luzira kiko British Museum, London. Tazama picha yake: uso umejengwa kwa kubandika vipande vya udongo, macho mazito, midomo iliyojitokeza, nywele kwa mistari iliyopangwa. Ni kana kwamba mfinyanzi aliongeza ukubwa wa kila kitu alichotaka kionekane kwa mbali. Wachongaji wa vijisanamu vya leo hufanya hivyohivyo. Mikono mikubwa kuliko kawaida, panga nene, vichwa vilivyozidi. Ukimchonga mtu wa sentimita tatu kwa vipimo halisi, vidole havitaonekana na upanga utavunjika siku ya kwanza.

Na mtoto wa Kisukuma aliyechunga ng'ombe mtoni hahitaji kuambiwa habari za kufinyanga. Ng'ombe wa udongo, pembe ndefu, nundu, kuanikwa juani. Zizi zima kwa mchana mmoja.

Je, wajua kwamba Usukuma ulikuwa na ligi yake kabla ya ligi? Hapa tutulie kidogo, maana ndipo penye utamu.

Vyama vikuu vya ngoma vya Wasukuma ni viwili, Bagika na Bagalu, na asili yake ni karne ya 19. Mashindano yao hayana refa mwenye filimbi. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila upande na ngoma zake, manju wake na dawa zake, na watazamaji huhamia kule kunakowavutia. Upande wenye umati mkubwa ndio umeshinda. Basi ikawa lazima kubuni vituko: chatu na nyoka wengine mikononi mwa Bayeye, wacheza ngoma ya nyoka, majembe yanayorushwa na kudakwa katika ngoma ya bugobogobo, na pia sanamu za mbao, nyingine zenye viungo vinavyochezeshwa, zilizoletwa uwanjani ili watu wa upande wa pili wageuze shingo. Sanamu hizo hazikuchongwa zikae kabatini. Zilikuwa wachezaji.

Ukitaka kuujua ulimwengu huo, nenda Bujora, Kisesa, kama kilomita 20 kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoko pale ni kazi ya Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Alianza kukusanya ngoma, viti na vifaa katika miaka ya 1950, na makumbusho yakafunguliwa 1968. Jengo la watemi lina umbo la kiti cha enzi. Kila Juni, wakati wa sherehe ya Ekaristi, hufanyika tamasha la Bulabo, na Bagika na Bagalu hukutana tena. Mpaka rangi akienda pale na daftari, akachora nguo, vilemba, kengele za miguuni na michoro ya ngoma, atarudi na rangi za timu mbili kamili. Kwa maoni ya safu hii, ni timu nzuri kuliko nyingi zinazouzwa ndani ya maboksi.

Je, wajua kwamba baadhi ya mazimwi maarufu ya mchezo wa *Dungeons & Dragons* yalitokana na midoli ya bei chee? Mchezo huo ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Gygax alinunua mfuko wa wanyama wa plastiki waliotengenezwa Hong Kong, wa ovyo kiasi kwamba hakuna aliyejua ni wanyama gani, akawapa majina na tabia. Mmoja akawa dubu mwenye kichwa cha bundi. Mwingine akawa mdudu anayegeuza chuma kuwa kutu. Leo wanauzwa kwa bei inayozidi ule mfuko mzima.

Sisi zimwi letu hatukulitoa Hong Kong. Je, wajua habari za Shing'weng'we? Wasukuma husimulia kwamba dubwana hilo lilimeza watu wote na mifugo yao yote, likabakisha mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Akamzaa Masala Kulangwa. Mtoto alipokua akauliza walipo watu wengine, akaambiwa, akaanza kuwinda. Aliua panzi akamletea mama: huyu ndiye Shing'weng'we? Siye. Akaleta ndege, siye. Akaleta swala, siye. Mwisho akakutana naye mwenyewe, akamuua, akampasua tumbo, na watu wakatoka hai. Katika kupasua, kisu kikamkata sikio bibi kizee mmoja, ambaye badala ya kushukuru alikasirika.

Tazama alichopewa fundi wa vijisanamu humo. Shujaa mwenye kisu. Panzi, ndege na swala. Dubwana lenye tumbo lililochanwa na mikono ya watu ikitokea. Na bibi mwenye sikio moja, amekunja uso! Mchezo wowote wa mezani ungemhitaji bibi yule, na kanuni zake zinajiandika zenyewe: ukimwokoa, rusha dadu uone kama atakuroga.

Sasa tuingie kwenye gundi.

Je, wajua kwamba supa gluu haikaushwi na hewa kavu? Hugandishwa na unyevu, hata ule mdogo ulioko kwenye ngozi na hewani, na ndiyo maana hushika vidole haraka kuliko inavyoshika ulichokusudia. Harry Coover wa Marekani aliikuta mwaka 1942 wakati akitafuta plastiki angavu ya kulengea bunduki, akaitupa pembeni kwa sababu ilinata kila kitu. Ilianza kuuzwa 1958. Kwenye nyumba za kando ya ziwa, wakati wa masika, ukimimina nyingi utaona ukungu mweupe umebaki kwenye maungio. Tone dogo latosha. Gundi ya plastiki ni kitu kingine kabisa: huyeyusha nyuso mbili za plastiki zikawa kitu kimoja, na haifanyi kazi kwenye chuma wala kwenye rezini.

Kikata kucha kizuri hukata vipande kutoka kwenye fremu bila kuvirarua. Msasa laini humalizia. Usitumie meno.

Je, wajua kwamba vijisanamu vya zamani vilikuwa na madini ya risasi, na wapenzi wake wakavishika kwa mikono mitupu kisha wakala karanga? Katika miaka ya 1990 watengenezaji wengi waliachana na risasi wakahamia kwenye mchanganyiko wa bati. Siku hizi hatari ni rezini ya printa za 3D, ambayo kabla ya kugandishwa na mwanga hudhuru ngozi na samaki. Vaa glavu, na mabaki yake usiyamwage mtaroni, maana mitaro ya Mwanza inaishia tunakojua.

Je, wajua kwamba meli nyingi za ziwa hili zilifika kama vijisanamu vinavyofika, yaani vipande ndani ya makasha? William Mackinnon ilijengwa Paisley, Uskoti, ikafunguliwa, ikasafirishwa hadi Mombasa, ikaunganishwa upya Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900. MV Victoria nayo ilitengenezwa Glasgow na kampuni ya Yarrow, ikaja vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu na kuanza safari 1961. Baada ya ukarabati ilirudi kwenye safari za Mwanza na Bukoba mwaka 2020. Kwenye Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen ilifungashwa Ujerumani kwenye makasha kama 5,000, ikashushwa majini Kigoma 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, na baada ya kuibuliwa ikaitwa Liemba. Mtu akilalamika kwamba kijisanamu chake kina vipande kumi na viwili, mpelekee habari hiyo.

Je, wajua kwamba Mwanza ni mahali pazuri kuliko London kwa kujifunza kivuli? Wapaka rangi wana mbinu ya kupaka weusi kote, halafu kupulizia weupe kutoka juu tu, ili kijisanamu kionekane kimepigwa na jua la utosini. Mwanza iko kama nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri huwa juu ya kichwa kabisa. Nenda mtaa wa Makoroboi saa sita na nusu mchana wa siku hizo, simama pembeni, tazama wapita njia: paji la uso, pua na mabega yanang'aa, chini ya kidevu na kwapani giza. Mpaka rangi wa Ulaya Kaskazini huisoma hali hiyo kwenye kitabu.

Je, wajua kwamba furu wa Ghuba ya Mwanza wamewafundisha wanasayansi somo ambalo kila mpaka rangi hulipata kwa machozi? Kuna furu wawili wa miambani wanaofanana sana. Dume wa mmoja ni mwekundu. Wa mwingine ni wa bluu. Yule mwekundu kwa jina la kitaalamu ni *Pundamilia nyererei*, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Majike huchagua kwa rangi. Ole Seehausen na wenzake waliandika mwaka 1997 kwamba maji yanapochafuka na mwanga kupungua, majike hushindwa kutofautisha, na aina mbili zikachanganyika zikawa samaki wa rangi iliyofifia. Maabarani, chini ya taa ya rangi ya chungwa, majike waliacha kuchagua, kwa sababu wekundu na bluu vilionekana sawa.

Taa yako ya njano ya sebuleni inakufanyia hivyohivyo. Unapaka joho la zambarau saa nne usiku, asubuhi unakuta ni kahawia. Nunua taa nyeupe, au paka mchana karibu na dirisha.

Ila dirisha hilo usiku lifunge. Vidudu wa ziwani, wale wanaopanda kama moshi juu ya maji, hutoka kwa wingi zaidi karibu na mwezi mwandamo, na hupenda taa. Rangi mbichi huwapokea wote.

Je, wajua kwamba kuna mjusi mwenye jina la mji huu ambaye tayari ni jezi? *Agama mwanzae*, aliyeelezwa kitaalamu na Arthur Loveridge mwaka 1923. Dume ana kichwa na mabega mekundu yanayokaribia urujuani, na mwili wa bluu iliyokolea. Watalii humwita mjusi wa Spider-Man. Huota jua juu ya miamba, akipandisha na kushusha kichwa kuwatisha wapinzani. Mpaka rangi asiyejua rangi gani ziendane na kijivu cha mwamba, jibu limelala pale juu.

Na kuhusu mwamba wenyewe: kokoto moja ya granaiti ya Mwanza iliyobandikwa chini ya miguu ya shujaa ina umri unaozidi miaka bilioni mbili na nusu. Haina gharama. Ioshe tu kwanza.

Je, wajua kwamba baiskeli zimelea sanaa mbili zisizofahamiana? Kampuni ya Humbrol, ambayo makopo yake madogo ya rangi ya mafuta yalitawala meza za waunda modeli Uingereza, ilianza 1919 ikiuza mafuta ya baiskeli. Dar es Salaam, mwaka 1968, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama kwenye vibao kwa rangi za baiskeli. Zinang'aa, ni nzito, zinachelewa kukauka. Kwa kijisanamu chenye mikunjo midogo, rangi ya akriliki iliyochanganywa na maji ni bora: mikono miwili myepesi hushinda mmoja mzito, maana rangi nzito huziba pua, midomo na vidole.

Je, wajua kwamba kampuni kubwa kuliko zote za vijisanamu ilianza kwa kuuza bao? Games Workshop ilianzishwa London mwaka 1975 na vijana watatu, John Peake, Ian Livingstone na Steve Jackson. Bidhaa zao za mwanzo zilikuwa mbao za michezo zilizotengenezwa kwa mkono, na miongoni mwake ilikuwemo michezo ya ukoo wa bao, ule ambao Wasukuma wanaucheza kama isolo, kwa kanuni tofauti za wanaume, wanawake na wavulana. Mwaka 1983 ukaja mchezo wao wa Warhammer. Desemba 2024 kampuni iliingia kwenye orodha ya kampuni mia moja kubwa za soko la hisa la London, pamoja na mabenki na makampuni ya mafuta. Mbao za bao na vibwengo!

Je, wajua, kwa kumalizia, kwamba Blood Bowl, mchezo wao wa mpira kati ya timu za mazimwi, ulipotoka mara ya kwanza mwaka 1986 haukuwa na kijisanamu hata kimoja cha plastiki? Wachezaji walikuwa vipande vya karatasi ngumu vya kusimamisha. Uwanja ni miraba 26 kwa 15, na kila timu huingiza wachezaji 11. Basi usisubiri mzigo kutoka Ulaya. Kata boksi la sabuni, chora Bagika kumi na mmoja na Bagalu kumi na mmoja, mweke bibi wa sikio moja kwenye benchi la akiba, tafuta dadu, kisha mwite jirani.